Wazee Wasioumwa

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku tatu kwa wiki, na Nyanchera aliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wauguzi wenzake katika zahanati ya Nyamira waliliangalia tangazo la chuo kikuu lililobandikwa mlangoni, wakafika kwenye neno kansa, wakacheka kile kicheko cha mtu anayejitoa mapema. Nani aende kuzunguka vilima kwa miguu yake kuwauliza watu wanaokufa wanajisikiaje? Nyanchera akasema, mimi nitaenda. Hakuwa shujaa, tusimpambe bure. Mumewe Okemwa alikuwa Kericho kwenye kiwanda cha chai, alikuja mwisho wa mwezi akaondoka, na yeye Nyanchera alikuwa amechoka kufunga vidonda na kufokewa na muuguzi mkuu. Huko vilimani angalau hakuna wa kumfokea. Hayo yalikuwa mawazo yake mwanzoni mwa mwaka wa 1976, na hayakuwa na ubaya.

Mkubwa wake mpya alikuwa Daktari Hemlata, binti wa Gopal mwenye duka la vitambaa Kisii mjini. Alizaliwa palepale ghorofani juu ya duka, akaenda kusoma, akarudi na miwani mikubwa na cheo cha kufundisha udaktari Nairobi. Ekegusii alikijua, lakini kile cha kaunta: unataka mita ngapi, rangi gani, karibu tena. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alishuka Kisii, akakaa mezani kwa baba yake kati ya marobota ya kitambaa cha marekani, akapokea karatasi za Nyanchera.

Utafiti wake ulikuwa mwepesi kusema na mzito kufanya. Kuna wagonjwa ambao hospitali imewashindwa, ikawarudisha nyumbani. Hawatapona, na kila mtu anajua. Je, wanaweza angalau kupunguziwa maumivu, na kichefuchefu, na kufunga choo, na kukosa usingizi, wakiwa kwenye vitanda vyao wenyewe? Hilo tu. Tena lilikuwa jambo la maana, kwa sababu kabla ya hapo mtu akirudishwa nyumbani alirudishwa na barua, basi.

Sasa maumivu utayapimaje? Homa ina kipimo chake, unamtia mtu kwapani, unasoma. Hemlata alileta karatasi yenye mstari na namba, wagonjwa wakaitazama kama wanavyoitazama barua ya mahakama. Ni Nyanchera aliyeleta shauri la maharagwe. Sahani ya bati na maharagwe matano. Huumwi, acha sahani tupu. Unaumwa kidogo, weka moja. Umeshindwa kabisa, weka yote. Hemlata alipiga makofi aliposikia, na Nyanchera alivimba kichwa wiki nzima.

Aliyeweka matatu au zaidi alipewa dawa ya chupa, morfini iliyochanganywa na maji ya sukari, ambayo Nyanchera aliibeba kwenye sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Chini ya matatu, aspirini na pole. Na Hemlata aliweka sheria moja, akairudia mpaka ikachosha: “Andika alichosema mgonjwa. Si unachofikiri wewe, si alichosema mke wake wala jirani. Mgonjwa mwenyewe, kwa mkono wake, mbele yako. Dawa hii nimepewa kwa kibali. Wakija kukagua wakute chupa imetoka bila hesabu ya mgonjwa, wanafunga kazi yote, na wagonjwa wote ishirini wanabaki mikono mitupu.”

Nyanchera aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Kutoka Nyamira hadi Keumbu, kutoka Keumbu hadi Nyakoe, hakuandika chochote ambacho mgonjwa hakukisema. Na miezi ilivyopita, karatasi zikaanza kuonyesha jambo la ajabu. Wanawake waliweka matatu, manne, matano. Vijana vilevile. Lakini wazee wa kiume, waliooza koo na tumbo na ini, waliacha sahani tupu. Moja, wakizidi sana. Wanne kati yao walikufa kabla ya Agosti, na wote wanne walikufa na sifuri.

Hemlata alifurahi, maana mtafiti akipata jambo la ajabu ni kama mvuvi amepata samaki mwenye pembe. “Nyanchera, umeona? Wazee wa hapa hawasikii maumivu kama wengine! Lazima niandike hili.” Nyanchera naye, kusema kweli, alijivuna kidogo. Wazee wetu ni wagumu, alisema. Walipita kwenye kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Na alirudi kwake Nyamira akiamini maneno yake mwenyewe, mtu mzima mwenye cheti cha uuguzi.

Hebu tuone alivyokuwa akiwauliza. Kwa mama mzee, Nyanchera aliingia mpaka kitandani, akakaa ukingoni, akamshika mkono, akamuuliza, “Wapi, Mama? Hapa? Inakukata au inakuchoma?” Kwa mzee wa kiume alisimama mlangoni. Alitazama chini. Alisema, “Tata, bwakire,” yaani baba, habari za leo, kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri, na mzee akaitikia kwa sauti ya baba. Nyanchera akasukuma sahani kwa ncha za vidole, akageuka pembeni ili asimwone baba akiulizwa habari za mwili wake. Mzee akasema sina neno, mwanangu. Nyanchera akaandika sifuri, akaaga kwa heshima, akaenda. Nyumbani wanaiita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake baina ya wazazi na watoto wao, na wakwe zaidi ya wote. Mwili wa baba hautajwi mbele ya binti. Hakuna aliyemfundisha Nyanchera hayo kwa kitabu. Aliyanyonya. Kwa hiyo hata haikumjia akilini kwamba kulikuwa na jambo la kufikiria.

Mpaka ugonjwa ulipoingia kwake.

Mwezi wa Septemba baba mkwe wake, Mzee Ongeri, shemasi wa kanisa la Sabato na mkulima wa chai, alikwenda hospitali kwa sababu ugali ulikuwa haupiti. Alirudi na barua. Kansa ya umio, njia ya chakula. Nyanchera aliisoma barua hiyo amesimama kwenye shamba la migomba, akaisoma tena, akamkumbuka mzee huyu alivyokuja kuwalipia karo ya watoto wakati Okemwa hana kazi, akalia pale pale kwenye majani makavu. Kisha akafuta uso, akachukua karatasi, akamwandikisha. Mgonjwa wa ishirini na tatu.

Nyumba ya Ongeri ilikuwa na sebule na chumba cha kulala nyuma ya ukuta wa mabanzi. Mkaza mwana haingii nyuma ya ukuta ule, hata nyumba ikiungua. Nyanchera alikaa sebuleni kwenye kigoda, akampa sahani mama mkwe wake, Bitutu, naye akaipeleka ndani.

“Tata, bwakire. Ni karatasi ya daktari. Unaumwa kiasi gani leo?”

“Sina neno, mwanangu,” sauti ikatoka nyuma ya mabanzi. “Mungu ni mwema.”

Sahani ikarudi tupu. Nyanchera akaandika sifuri.

Bitutu alimsindikiza mpaka kwenye shamba la chai, akamshika mkono kwa nguvu. Bitutu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi usiokaa kizuizini. “Wewe umeandika nini?”

“Alichosema.”

“Alichosema! Mwanamke, huyu mtu anatafuna blanketi. Nimelishona mara mbili pembe zake zimeliwa kama na panya. Akimeza mate anashika nguzo ya kitanda mpaka kitanda kinatembea. Nawe umeandika hana neno?”

“Mama, sheria ni mgonjwa mwenyewe.”

“Basi sheria yenu haina macho.”

Mara nne zaidi sahani ilirudi tupu, kisha Jumatano moja ikarudi na maharagwe manne. Moyo wa Nyanchera uliruka kwa furaha, na furaha hiyo yenyewe ilikuwa ya ajabu. Alikuwa ameshachomoa ufunguo wa kwanza wa sanduku wakati sauti ilipotoka ndani, kavu, yenye mikwaruzo: “Bitutu. Rudisha maharagwe yako. Mimi sikuweka kitu.” Bitutu akasimama katikati ya sebule na sahani yake, ametoa macho kama mwizi wa kuku. Nyanchera akarudisha ufunguo. Alitamani ardhi ipasuke.

Njiani kurudi ndipo lilipomwingia, na liliingia polepole kama maji baridi kwenye kiatu. Kama Tata anaumwa hivi na anasema sina neno, je, wale wanne waliokwisha kufa? Alisimama barabarani. Akamwona Manasseh wa Nyakoe, fundi seremala, alivyokaa amejikunja kwenye kiti huku anamwuliza Nyanchera habari za shule ya watoto. Akamwona Nyasani. Akamwona Ishmael, na yule Cleophas wa Keumbu aliyekuwa na jasho usoni siku ya baridi, naye Nyanchera akajiambia ni homa. Muuguzi wa miaka tisa! Angekuwa mwanamke ndiye anayetoka jasho lile angelijua mara moja. Walimdanganya kwa heshima, naye akawaamini kwa heshima, na katikati ya heshima hizo mbili chupa ikabaki kwenye sanduku imefungwa.

Alijikalia kwenye ukingo wa barabara. Alijichukia, na tusiseme vinginevyo.

Wazo la kwanza lilikuwa la kuandika tano tu, amalize. Nani angejua? Lakini aliijua sheria na aliijua sababu yake. Akighushi kwa baba mkwe wake mwenyewe, na mkaguzi akagundua, wanawake wa Keumbu wanaoweka matano ya kweli wangekosa. Tena Ongeri asingeinywa. Mtu aliyerudisha maharagwe angeirudisha na chupa.

Kwa hiyo akatafuta mtu anayeweza kuuliza. Okemwa hapana, mtoto wa kiume hamwulizi baba yake habari hizo kama ambavyo binti hawezi. Mchungaji hapana, kwa mchungaji Ongeri angesema Mungu ni mwema mara tatu. Alibaki Onchiri. Onchiri alitahiriwa msimu mmoja na Ongeri, siku moja, jiwe moja, na wawili hao walikuwa wakitukanana tangu hapo bila kupumzika, kwa kuwa watu wa kisu kimoja hawana aibu wala siri. Onchiri hakusali popote, alipenda pombe, na alikuwa na mdomo ambao watoto walipelekwa mbali nao. Ongeri alimpenda kuliko mashemasi wote kwa pamoja.

Ila Onchiri naye ni baba kwa Nyanchera, vipi atamtuma kwa neno kama hilo? Akamwambia Bitutu, Bitutu akamwambia Onchiri. Na Ijumaa mchana Nyanchera na Bitutu wakawa jikoni, kando ya chumba cha mgonjwa, wanamenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa na njaa nazo, masikio yakiwa ukutani.

“Wewe Ongeri,” Onchiri alianza hata kabla hajakaa, “unanuka kama kanisa lililofungwa. Shika haya maharagwe. Wanasema uyahesabu kama mtoto wa nasari.”

“Ondoka hapa, mlevi.”

“Siondoki. Siku ile ya kisu nani alilia, mimi au wewe?”

“Wewe ulijikojolea.”

“Nilijikojolea lakini sikulia. Sasa niambie mimi, sina mke wa mwanao hapa, sina mchungaji. Inauma?”

Bitutu akaacha kumenya.

“Onchiri,” Ongeri akasema, na sauti haikuwa ya baba tena, ilikuwa ya mtu tu. “Kile kisu kilikuwa cha mara moja. Hiki kinanikata kila nikimeza mate. Na mate hayaishi.”

Kisha wakasikia maharagwe yakimwagwa kwenye bati, yote kwa mara moja. “Niletee mengine,” Ongeri akasema. “Haya hayatoshi.”

Nyanchera aliinama juu ya beseni la ndizi akalia bila sauti. Bitutu hakumbembeleza. Alimtazama tu, kama anayesema, si nilikuambia.

Onchiri alitoka na sahani, akaiweka mlangoni pa jikoni bila kumtazama Nyanchera, akasema hewani, “Matano, na alitaka zaidi. Mnaosikia mmesikia.” Akaenda zake kutafuta pombe, na siku hiyo hakuna aliyemlaumu.

Nyanchera akaandika tano, na pembeni akaandika ukweli: ameulizwa na Onchiri, rika lake. Ijumaa ya kwanza ya Oktoba ikafika, akaenda Kisii, akamweleza Hemlata yote. Alieleza chinsoni kwa Kiswahili, na Kiswahili kikamchosha, kwani hakuwahi kulazimika kulieleza jambo hilo kwa lugha yoyote.

Hemlata alisikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari. “Nyanchera, mimi nimekulia hapa. Wazee hawa wananunua suruali kwa baba yangu na kusema kiuno chao kimepanuka, wanacheka mbele yangu. Sikuona aibu hiyo.”

“Kwako ni dukani. Wewe si binti yao.”

“Sawa. Lakini tazama nilichonacho.” Akaigonga karatasi kwa kidole. “Nina sifuri sita kutoka kwa mtu aliyeajiriwa, na tano moja kutoka kwa rafiki mlevi. Nikitoa morfini kwa hiyo, mkaguzi atanila mzima. Niandikie barua, nitaomba mwakani tuajiri mwanamume.”

“Mwakani Tata atakuwa amezikwa.”

“Najua,” Hemlata akasema kwa upole, na upole huo ulimkata Nyanchera kuliko kufokewa. “Lakini sheria sikuiweka kwa ajili ya mzee mmoja. Akuonyeshe wewe, kwa mkono wake. Hata leo. Ukirudi na hilo, mpe chupa bila kuniuliza.”

Jumatatu Nyanchera aliingia sebuleni kwa Ongeri na hakutoa sahani. Alikaa kwenye kigoda, akamwambia Bitutu, lakini kwa sauti ya kuvuka mabanzi. Hiyo ni njia ya watu wa hapo, kumwambia wa karibu ili wa mbali asikie, na hakuna aibu iliyovunjika.

“Mama, nimetoka kwa daktari. Amenionyesha hesabu zangu. Wazee wanne wamekufa mkononi mwangu, na wote nimewaandikia hawaumwi. Nilisimama mlangoni nikawauliza kama binti, wakanijibu kama baba. Dawa ilikuwa mgongoni mwangu, Mama. Niliibeba mpaka kwao nikairudisha. Sasa daktari anaandika kitabu kwamba wazee wa huku hawasikii maumivu. Kikitoka, hakuna mzee atakayepewa tena, hapa wala Nyakoe wala Keumbu. Watasema, hawa hawahitaji, imeandikwa.”

Bitutu akasema, “Uuwi.”

Nyuma ya mabanzi kitanda kililia. Kikalia tena. Wakasikia fimbo ikitafuta sakafu, na pumzi ya mtu anayepanda mlima akiwa ndani ya nyumba. Bitutu alikimbilia mlangoni pa chumba, lakini mkono ukamsukuma pembeni, na Mzee Ongeri akatokea sebuleni. Alikuwa amevaa koti la Sabato juu ya blanketi. Shingo ilikuwa imebaki kamba tu. Nyanchera aliinuka, akageukia ukuta kama inavyopasa.

Ongeri alikaa kwenye kiti chake. Ilichukua muda.

“Sahani,” akasema.

Bitutu akampa.

“Mwanangu, geuka.”

“Tata, siwezi.”

“Geuka unitazame. Hao wanne hukuwatazama.”

Hakulisema kwa ukali. Nyanchera akageuka. Hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni tangu alipoolewa, miaka kumi na mmoja, na sasa aliona macho yaliyozama na midomo iliyopasuka kwa kuumwa na meno yake mwenyewe. Alitaka kuangalia chini, akajikaza. Kila kitu alichofunzwa utotoni kilimpigia kelele atoke nje.

“Mimi ni shemasi,” Ongeri akasema, akipumzika kati ya maneno. “Miaka ishirini nawaambia watu wasiseme uongo. Nimesema uongo kwenye karatasi yako mara sita. Niliona ni adabu. Kwangu mimi ni adabu, nife nayo, si neno. Lakini sikujua naandikia na wengine.”

Akaweka harage la kwanza, akamtazama. La pili. La tatu likaanguka chini, Bitutu akainama, Ongeri akamzuia kwa fimbo, akaliokota mwenyewe, na kule kuinama kulimtoa sauti ambayo hakuificha. Alimwachia Nyanchera aisikie yote. La nne. La tano.

“Inauma hapa,” akasema, akafungua koti, akaonyesha kwa kidole chake, mbele ya mke wa mwanawe. “Inachoma mpaka mgongoni. Usiku na mchana. Haiachi. Andika.”

Nyanchera akaandika. Machozi yalidondokea karatasi na namba ikavuja kidogo, lakini ilisomeka.

“Onchiri atasema tuchinje mbuzi wa kusafisha jambo hili,” Ongeri akasema. “Mwambieni mbuzi atamla matangani kwangu.”

Akapewa kijiko cha kwanza pale pale kitini. Alikimeza kwa shida, akishika mkono wa kiti, na safari hii hakuna aliyejifanya haoni. Walikaa. Jua lilihama kutoka dirishani hadi kwenye kalenda ya kanisa. Kabla ya saa kuisha mabega ya mzee yakashuka, halafu kidevu, akalala kwa kuketi, mdomo wazi, anakoroma kama mtu mwenye afya. Bitutu alimsikiliza akikoroma. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, akalia kwa sauti, yule mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema, na alipoulizwa na jirani kuna nini akajibu tu, “Amelala.”

Aliishi siku ishirini baada ya hapo. Mara mbili kwa wiki Nyanchera alikuja, Ongeri akatoka sebuleni maadamu aliweza, na aliposhindwa alisema Bitutu afungue mlango wa chumba uachwe wazi. Aliweka mawili. Aliweka matatu dawa ilipochelewa. Siku moja aliweka sahani tupu, akamtazama Nyanchera, wote wawili wakacheka, maana sasa sifuri yake ilikuwa sifuri kweli. Alikufa Jumapili asubuhi baada ya kunywa uji mwepesi vijiko vinne. Onchiri alikula mbuzi wake, akalia kuliko wafiwa wote.

Ijumaa ya kwanza ya Novemba Nyanchera alipanda ngazi za duka la Gopal. Hemlata alikuwa amezisoma karatasi za Ongeri zote, na mezani palikuwa na kurasa zilizopigwa taipu, ambapo sentensi moja ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu.

“Nimeitoa,” Hemlata akasema. “Na nimeomba mwanamume, wa kwenda kwa wazee. Nimewaambia hatungojei mwakani.”

“Asante. Sasa nataka karatasi za wale wanne.”

“Za nini? Wamekufa, zimeshahesabiwa.”

“Nataka kuzisahihisha.”

Hemlata alisita, kisha akazitoa kwenye faili. Nyanchera akakaa, akachukua kalamu, akaanza na Cleophas. Kila palipokuwa na sifuri alikata mstari, akaandika juu yake neno moja: hakuulizwa. Alikwenda taratibu, tarehe kwa tarehe. Cleophas, Ishmael, Nyasani. Hemlata alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia.

“Nyanchera, hili nalo si kweli. Hapa kwa Manasseh ulikwenda mara kumi na moja. Umeweka saini. Uliuliza.”

“Nilikwenda,” Nyanchera akasema. “Sikuuliza.”

Akakata sifuri ya kwanza ya Manasseh, na ya pili, na akaendelea mpaka ya mwisho, ya tarehe tatu Julai. Hapo mkono ulisimama.

“Siku hii yeye ndiye aliyeniuliza,” akasema. “Nilikuwa nimeliweka sanduku chini nifunge kamba ya kiatu. Akaniuliza chupa iliyomo ni ya nini. Nikamwambia, Tata, ni ya wale wanaoumwa sana. Akaitazama, Daktari. Aliitazama muda mrefu. Halafu akaniambia, haya, mwanangu, fanya haraka uwapelekee. Nami nikamshukuru, nikabeba sanduku, nikaenda.”